Vita vya Dunia Uani Kwetu

Shemeji yangu alihamia kwetu na begi moja, chaja mbili na dunia bapa. Begi tuliliwekea nafasi chini ya kitanda cha watoto, chaja tukazitafutia soketi. Hiyo dunia ndiyo iliyokosa pa kukaa.

Kazi ilikuwa imemwishia Dar es Salaam. Walipunguzwa watu naye akiwamo, akarudi Tanga kwa kaka yake kama ilivyo ada, akapewa kochi la sebuleni. Asiye na kazi ana muda, na mwenye muda akipata bando huangalia video. Alianza na za mpira, akahamia za mitishamba, hadi asubuhi moja akatokea kwenye chai macho mekundu, akatutangazia kuwa tumedanganywa tangu darasa la tatu. Dunia si tufe. Imetandazwa, ncha ya kaskazini iko katikati, ukuta wa barafu umeizunguka pembeni, na jua ni kitaa kidogo kinachozunguka juu yetu usiku na mchana.

Maneno haya angeyasema nyumba nyingine yangepita na chai. Ila mume wangu ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, mimi namwita Mwalimu, hata mama yake mzazi humwita hivyo akiwa amemuudhi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa dunia ni bapa ni kumtukania riziki yake.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha kona, kinachotazama uani, ndicho ofisi yangu: cherehani mbili, ovaloki moja, meza ya kukatia na oda za watu zimepangwa hadi dirishani. Nalisema hili mapema kwa sababu vita vyenyewe vilipiganwa humo, nami sikuwa na upande.

Vilianza usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Ulichomoza mzima, na ilipokaribia saa moja na nusu ukaanza kumegwa. Watoto wa jirani walichukua vifuniko vya sufuria wakagonga kama walivyogonga bibi zao. Mama mkwe akatandika mkeka, akasimama kuswali swala ya kupatwa. Mwalimu naye akasimama katikati ya ua na kuanza kufundisha bila ya kuombwa.

"Angalia ukingo wa hilo giza. Ni kivuli cha dunia hicho. Mviringo au si mviringo?"

"Mviringo," Shemeji akajibu. "Lakini hata sinia lina kivuli cha mviringo, kaka."

Jibu zuri, na mimi nililipenda. Mwalimu alilichukulia kuwa utovu wa adabu, akaanza kupandisha sauti. Aliyelijibu kwa haki ni binti yetu wa darasa la sita, aliyeingia jikoni akatoka na sinia la pilau la bibi yake na tochi ya simu. Akalimulika mbele ya ukuta. Likiielekea taa uso kwa uso, kivuli duara. Likiinama kidogo, kivuli cha yai. Likisimama ubavu, mstari mtupu. Mwezi hupatwa ukiwa chini karibu na upeo, hupatwa ukiwa utosini, mara jioni, mara alfajiri, na kila mara ukingo wa kivuli ni mviringo uleule. Kitu pekee kinachotoa kivuli cha duara kila kinapogeuzwa ni tufe. Aristotle aliitumia hoja hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Sinia likamponyoka mtoto, likagonga saruji Mama akiwa kwenye sijida, na tangu usiku huo lina kibonyo.

Kuanzia saa mbili na nusu mwezi wote ukawa mwekundu, ukabaki hivyo hadi karibu saa nne. Shemeji alisema wekundu ule unathibitisha kuwa kuna kitu kingine kimepita pale, maana kivuli kingekuwa cheusi. Mwalimu akamjibu kuwa mwanga wa jua hupinda ukipita kwenye hewa inayoizunguka dunia, na unaovuka ni ule mwekundu, wa machweo na macheo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Hapo alisema kitu kizuri, lakini kwa sauti ya kumfokea mtoto aliyechelewa namba. Shemeji akaingia ndani na kujiziba masikio kwa simu.

Toka hapo kwa kaka yake hakuzungumza tena ila kupitia kwangu. Akaacha mambo ya angani, akashuka kwenye maji.

"Shemeji, umewahi kuona maji yamebinuka? Mafundi wanapima msingi kwa mpira wa maji, na maji yanalala sawa. Bahari ni maji. Basi?"

Nikamwambia akamuulize kaka yake. Kaka yake, akiwa chumbani, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba katika kilomita 1 uso wa bahari hushuka sentimita 8, katika kilomita 2 sentimita 31, katika kilomita 10 karibu mita 8, kwa kuwa mshuko hukua kwa mraba wa umbali. Hesabu ni sahihi kabisa. Kisha akaongeza maneno mawili ambayo hayakuhitajika: "Pima uone."

Alichofanya Shemeji usiku ule nilikuja kukielewa kesho yake kwa kuyafuata matope. Aliazima kwa fundi mwashi mpira unaoonyesha maji ndani. Haukufika, akauunga na mwingine. Alitaka ncha moja iwe getini na nyingine kwenye ukuta wa nyuma, na kwa kuwa nyumba ilikuwa njiani, akaupitisha mpira kwenye dirisha langu, juu ya meza ya kukatia, ukatokea dirisha la pili. Ili usiwe na mapovu aliufunga kwenye bomba la tanki na kuuacha ujae polepole. Kiungo cha mipira miwili alikikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yalipokaa sawa ncha zote mbili alifurahi, akaacha kila kitu kama kilivyo ili tuone ushahidi asubuhi, akaenda kulala.

Kati ya geti na ukuta wetu wa nyuma pana kama mita 20. Katika urefu huo mbinuko wa dunia ni sehemu tatu za mia moja za milimita. Uzi wangu mwembamba kuliko wote ni mnene kushinda hapo. Maana yake ni kwamba dunia ikiwa tufe mpira ule utasema sawa, na ikiwa bapa utasema sawa vilevile. Kipimo kama hicho hakiwezi kumwondoa mtu yeyote kwenye msimamo wake, na Mwalimu angemweleza ndugu yake hivyo, kwa adabu, badala ya ile "pima uone", ningeamka na nyumba kavu.

Usiku wa manane tyubu ikalegea. Kiungo kilikuwa juu ya meza yangu. Tanki la lita 2,000, ambalo tulikuwa tumelijaza kwa kuvizia zamu ya maji, likajimimina lote juu ya sare za harusi. Lesi nyeupe ya kina mama wa bibi harusi ilikuwa chini, na juu yake nilikuwa nimeweka kitenge chekundu kipya ambacho hakijaona maji tangu kiwandani. Kulipokucha lesi ilikuwa ya waridi, na si waridi wa kuchagua: mabaka hapa, michirizi pale, na katikati duara moja safi, jeupe, palipokuwa bakuli langu la pini. Mwalimu alilitazama lile duara akafungua kinywa. Nikamtazama. Akakifunga.

Likaja suala la nani alipe lesi. Mwalimu akasema alipe aliyefunga mpira. Shemeji akasema alipe aliyemwambia apime. Mama mwenye harusi alikuwa anakuja Ijumaa kujaribisha, nami nilitaka pesa, si falsafa. Ndipo Mwalimu akatoa wazo: ubishi upimwe kwa haki, atakayeshindwa ndiye alipe, kama alivyofanya Wallace. Akatusomea kisa chote, nami nilikisikiliza huku nikikamua lesi.

Mwaka 1838 Mwingereza aitwaye Samuel Rowbotham aliingia kwenye mfereji wa Old Bedford, mashariki mwa Uingereza, ambao umenyooka karibu kilomita 10 bila kona. Akachungulia kwa darubini karibu kabisa na uso wa maji, akaiona mashua ikienda hadi mwisho bila kuzama machoni mwake. Akatangaza kuwa dunia ni bapa na kufanya kazi ya kuhubiri hivyo. Mwaka 1870 mtu wa kundi lake, John Hampden, akaweka dau la pauni 500 kwa atakayemwonyesha mbinuko wa maji. Aliyejitokeza ni Alfred Russel Wallace, yule aliyeifikia nadharia ya uteuzi wa asili peke yake, bila ya kumtegemea Darwin, ambaye ujanani alikuwa mpima ardhi. Alijua kuwa karibu na uso wa maji hewa hupinda mwanga na kumdanganya anayechungulia, kwa hiyo akavipandisha vipimo juu. Kwenye daraja moja aliweka darubini. Kwenye daraja la mbali akatundika kitambaa cheupe cha pamba chenye mstari mweusi katikati. Nusu ya njia akasimamisha mti wenye visahani vyekundu. Darubini, mstari na kisahani cha juu vyote vilikuwa kimo kimoja kutoka majini. Maji yangekuwa bapa, mstari na kisahani vingeonekana usawa mmoja. Kisahani kilionekana kiko juu, maji ya katikati yamekiinua. Mwamuzi akampa Wallace ushindi na pesa.

Kama fundi, nilifurahi kusikia kuwa dunia ilipimwa kwa kitambaa. Furaha yenyewe haikudumu. Hampden hakukubali kushindwa. Kwa miaka kama 15 alimwandama Wallace, akimwita mwizi na tapeli kwenye barua kwa majirani zake na kwa wanasayansi wenzake, akafungwa kwa kashfa, akatoka, akaendelea. Hata mke wa Wallace, Bi Annie, aliandikiwa barua ya kumwonya kuwa siku moja mumewe ataletwa nyumbani kichwa kimepondwapondwa. Wanaosimulia kisa hiki humsikitikia Wallace. Mimi nilimwaza Bi Annie, ana watoto wadogo ndani, posta imefika, anafungua bahasha. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza iwapo alitaka mfereji upimwe.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akasema neno moja: "Kamari?"

Mwalimu akajaribu kueleza kuwa si kamari, ni fidia yenye masharti. Mama akarudia neno lake. Akakata shauri hapohapo: kila mmoja atoe nusu ya bei ya lesi kabla ya swala ya adhuhuri, wakishamaliza wabishane bure kama watu wenye heshima. Mahakama ya Uingereza iliwahi kufika hukohuko. Mwaka 1876 iliamua kuwa Hampden arudishiwe pauni zake 500, kwa kuwa dau la namna ile halikuwa na nguvu ya kisheria. Sababu za majaji na za Mama ni tofauti, ila hukumu zinafanana.

Walilipa. Shemeji alikopa nusu yake kwangu.

Ubishi wa bure ukawa mkali kuliko wa pesa. Walimwendea mzee wa Kipemba mtaa wa pili, nahodha mstaafu, awaamue. Mzee akawauliza: ukitoka Pemba kuja huku, siku ya hewa safi, bara huanza kuonyesha nini? Wakasema hawajui. "Milima ya Usambara. Baadaye minazi. Mchanga mwisho." Akaendelea kusuka dema lake. Mwalimu alirudi ameshinda, Shemeji akarudi anasema ukungu wa bahari huficha vya chini. Nikamuuliza mbona vyombo vinavyotoka huzama kuanzia ubavu hata siku ambayo huuoni ukungu, na kwa nini ukipanda ghorofani ubavu unarudi. Akasema atafikiri.

Akakimbilia kwenye dini. Kurani, alimwambia Mama, imesema ardhi imetandazwa. Mama hakubishana naye, akamwita maalim wa madrasa aje kunywa kahawa. Maalim akasema taratibu kuwa imetandazwa kwa huyo anayetembea juu yake, na kwamba Ibn Hazm wa Andalusia, katika karne ya 11, aliandika kuwa hakuna imamu mkubwa aliyekana uduara wake, na Ibn Taymiyya akanukuu makubaliano ya wanazuoni juu ya jambo hilohilo. Akaongeza habari ya al-Biruni, aliyepanda mlima penye ngome ya Nandana, leo ni Pakistan, akiwa amekwishajua urefu wake, akapima ni kwa pembe gani upeo umeshuka chini ya usawa wa macho yake, na kwa pembe hiyo ndogo akapata nusu kipenyo cha dunia kinachokaribiana na cha leo. Shemeji akamuuliza maalim alikuwa ameisoma wapi. Maalim akamtajia kitabu, tena akamwambia aje akiazime.

Lakini kilichommaliza Mama si al-Biruni. Ni wifi yangu aliyeko Muscat, aliyepiga simu akatukuta katikati ya shughuli. Akakumbusha kuwa mwaka 2011, Burj Khalifa ilipokuwa mpya, mamufti wa Dubai waliwaambia wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi ndipo wafuturu, na walio juu ya 150 wangoje 3, kwa sababu huko juu jua lilikuwa bado halijawazamia. Mama akaweka kikombe chini.

"Aliye juu analiona, aliye chini keshalipoteza," alisema. "Kitu kimelikinga. Na kilichoko baina yao na jua ni nini kama si ardhi yenyewe? Mimi nimemaliza. Nyie endeleeni."

Waliendelea. Tarehe 22 Septemba ilikuwa inakuja, siku ambayo jua liko juu ya ikweta, na Mwalimu akapanga kumfanyia ndugu yake kipimo cha Eratosthenes, yule aliyelinganisha kivuli cha Alexandria na kisima cha Syene kisichokuwa na kivuli. Mpini wa ufagio wangu ulikatwa ufike mita 1 kamili bila ya mwenye ufagio kuulizwa. Wifi huko Muscat aling'oa fimbo ya pazia, akaipima mita 1, mumewe akiwa kazini. Mtoto wa mjomba wao, aliyeko London, naye akaingizwa kwenye kundi kwa kuwa hajui kukataa. Alitoka kazini kwa kisingizio cha meno. Kila mtu alitakiwa apime kivuli cha fimbo kinapokuwa kifupi kabisa, yaani jua la kati la mahali pake: kwetu kama saa sita na robo, Muscat saa sita ya kwao, London saa saba kasoro.

Vivuli vikaja. Tanga sentimita 9, kikielekea kusini. Muscat 44, kikielekea kaskazini. London mita 1 na sentimita 26.

Mwalimu akachukua Tanga na Muscat. Pembe zote mbili kwa jumla ni digrii 28 na ushei, umbali wa kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 3,190, gawanya duara zima kwa pembe hiyo na uzidishe: mzingo wa kilomita 40,000. Akapiga meza. Alisubiri kilio cha Shemeji.

Shemeji hakulia. "Shemeji," aliniambia mimi, "mwambie kaka kuwa hesabu yake imeanza kwa kusadiki kuwa miale ya jua inakuja sambamba. Mimi nimesema jua liko karibu. Taa ikiwa karibu, fimbo mbili juu ya meza bapa zinatoa vivuli tofauti bila ya meza kupinda. Kwa vivuli vyenu, jua liko kilomita 6,000 hivi juu. Nimeshapiga hesabu."

Kimya kikatanda. Na haki ilikuwa yake. Vivuli viwili peke yake havitenganishi tufe lenye jua la mbali na sahani yenye jua la karibu. Vyote viwili vinakubali. Mwalimu amefundisha kisima cha Syene miaka na miaka kama vile ndicho kilichomaliza kesi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsimamisha. Jibu alikuwa nalo. Njia ya kufika kwenye jibu alikuwa ameikariri. Shemeji, ambaye jibu lake ni la kipuuzi, ndiye aliyekuwa amefikiri.

Nikawaambia wote wawili waondoke mezani pangu.

Kuna kivuli cha tatu ambacho hakuna aliyekigusa. Nilitandaza karatasi ya kukatia, nikachora mstari mmoja mrefu kwa chaki: dunia ya Shemeji, imenyooka vizuri. Sentimita 1 iwe kilomita 100. Ikweta nikaitia pini. Tanga ikakaa sentimita 5 na nusu kusini yake, Muscat 26 kaskazini, London 57. Siku ile jua lilipaswa kuwa juu ya ikweta, kwa hiyo nikapandisha mstari wa wima kutoka kwenye pini ile. Kisha nikafunga uzi kila mji na kuuelekeza kwa mlalo wa kivuli chake, na pale uzi unapokutana na ule mstari wa wima ndipo jua lilipo.

Uzi wa Tanga ulikutana na mstari kwenye sentimita 62 hivi. Wa Muscat kwenye 60. Shemeji akatabasamu, maana hizo unaweza kuzisamehe kwa makosa ya kupima. Uzi wa London ukaja umelala, ukakata kwenye 45. Binti yangu akaushika, akauvuta, akaulegeza, haukupanda. Kwa maneno mengine jua moja, siku moja, liko kilomita 6,000 juu likitazamwa kutoka Muscat na 4,500 likitazamwa kutoka London.

Tukahamia sakafuni. Mtu anayekata sketi ya mwamvuli anajua kuchora duara kwa uzi na chaki: shika ncha moja, zungusha nyingine. Nilikata uzi wa sentimita 64, ndiyo nusu kipenyo cha dunia kwa kipimo chetu, nikachora tao. Nikaihamishia miji yote mitatu kwenye tao kwa umbali uleule, nikasimamisha fimbo kila mahali ikiangalia nje, na nyuzi nikazilaza kwa pembe zilezile za vivuli. Zikaenda sambamba, zote tatu, kutoka taoni hadi mguu wa cherehani. Hakuna hata moja iliyotaka kukutana na mwenziwe.

Mwalimu akaanza kusema "Si unaona". Nilimwonyesha mlango. Shemeji alibaki amechuchumaa. Baadaye akachomoa pini zote akaanza upya mwenyewe. Alimwomba yule wa London amtumie tena picha ya kivuli chenye futi pembeni. Alifanya kazi hadi taa ya mtaa ikawaka, nami nikashona kwa kumruka miguu.

Usiku nilimsikia sebuleni anaitumia futi yangu kwenye ramani yake ya dunia bapa aliyoibandika ukutani. Alikuwa anapima Johannesburg hadi Sydney. Safari hiyo ndege huiruka moja kwa moja, kama kilomita 11,000, kwa saa zisizofika 15 hata upepo ukiwa wa mbele. Kwenye ramani yake, ambapo nchi za kusini zimetawanywa pembezoni, ni zaidi ya kilomita 23,000. Ndege ya abiria ingelazimika kukimbia kuliko sauti. Nilisikia futi ikivutwa, ikiachiwa, ikivutwa tena. Asubuhi ramani haikuwapo ukutani.

Kwenye chai alikaa mbele ya kaka yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi upatwe. Akaweka sukari, akakoroga muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Ni tufe."

Mama akasema alhamdulillahi. Mwalimu akakaa vizuri kwenye kiti.

"Ila halizunguki. Lingekuwa linazunguka tungesikia."

Nilidhani Mwalimu atapasuka. Badala yake uso ulimng'aa, akaweka mkate chini, na kwa mara ya kwanza akamwongelesha mdogo wake bila ya kufoka. Akamweleza habari za Mfaransa Foucault, mwaka 1851, aliyetundika ndani ya Panthéon ya Paris tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67, akaliachia libembee, na watu wakashuhudia njia ya mbembeo ikigeuka polepole sakafuni, kwa kuwa dunia ilikuwa inageuka chini yake. Paris duara zima huchukua kama saa 32. Kadiri unavyoisogelea ikweta ndivyo mgeuko unavyozidi kuwa wa polepole. Hapa Tanga, alipiga hesabu kwenye kitambaa cha meza, itachukua siku 11.

"Siku 11," Shemeji akasema. "Mimi sina haraka."

Kaka na mdogo wakanyanyua macho pamoja. Boriti iliyo juu kuliko zote nyumbani kwetu ni ya chumba changu cha kushonea. Wakaitazama kwa muda kupitia mlango ulio wazi. Halafu macho yakashuka, yakapita jikoni, yakatua kwenye mtungi wa gesi wa kilo 15 nilioujaza juzi.

Mtungi nimeuhamishia chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda. Mama mwenye harusi nimempigia simu aje achukue sare zake leo hii, asingoje Ijumaa.